Mchepuko wa Staa Unamjua, Mwenyekiti wa Mtaa Je?

Wadau wa Songea, na nyie mlioko Dar mnaojifanya mmesahau kwenu! Wiki nzima mnanijazia meseji: msanii fulani kaachana na nani, gari kahongwa na nani. Leo umbea pembeni kidogo.

Mnakumbuka Novemba 27, 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa? Kuna dada mmoja mwenye wafuasi kibao (jina kapuni) aliposti selfi akiwa kwenye foleni ya kura, eti "sauti ya vijana". Nikamuuliza kwenye komenti: hiyo sauti inaishia wapi? Akaniblock. Sawa, najijibu mwenyewe.

Inaishia kwa mwenyekiti asiye na hela!

Katiba ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Haya, angalia. Mwenyekiti na diwani tunawachagua sisi. Mkurugenzi wa halmashauri, msimamizi wa pesa, anateuliwa na Rais. Kodi ya majengo ilikuwa inakusanywa na halmashauri, 2016 ikahamishiwa TRA, na tangu 2021 unakatwa kwenye LUKU. Umepanga chumba Lizaboni, luku unanunua wewe, kodi ya nyumba isiyo yako inakatwa hapohapo. Mtaro ukiziba unamfokea mwenyekiti. Afanyeje sasa? Yeye ana muhuri tu.

Na mchezo huu wa zamani. 1972 walisema madaraka mikoani, kumbe mabaraza ya kuchaguliwa yakafutwa, wakaletwa maofisa. Ikabidi sheria za 1982 ziyarudishe.

Mtasema hela zikishuka mtaani zitaliwa. Kweli, walaji wapo. Ila anayekula mtaani kwako unajua anapoishi, na kura ya kumtoa unayo. Anayekula huko juu utamgongea mlango gani?

Na sisi tusijitoe. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, vijana tuna 4. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Nani kati yetu aliuliza? Mkutano wa mtaa wetu juzi vijana tulikuwa watatu. Usiku mastaa wawili wakatukanana live, Songea nzima macho!

Haya, shukeni kwenye komenti. Mara ya mwisho kwenda mkutano wa mtaa ilikuwa lini, na uliuliza nini? Kumpigia mama hairuhusiwi.