Chipu Nzima na Chipu Mbovu Hufanana

Mwanafunzi wa kidato cha 6 anayejifunza malango ya mantiki hupewa chipu nyeusi yenye miguu 14, huambiwa kwamba ndani yake mna malango manne ya NAND, kisha hutakiwa kuandika jedwali la ukweli. Iwapo lango moja limeungua, jedwali lake litapingana na la kitabu. Aghalabu mwanafunzi huyo huyafuta aliyoyaona na kuandika ya kitabu. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hasara kubwa ya chipu mbovu, wala si zile shilingi zilizoinunua.

Kwa hiyo nashauri kila shule inayofundisha somo hili ijitengenezee kipimio chake. Shauri hili lina uzito zaidi kwetu Nzuguni na katika uwanda wa kati kwa jumla. Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma haipati mvua ya maana, na hewa hukauka. Katika hewa kavu umemetuli hujilimbikiza mwilini na katika nguo za nailoni; mguso mmoja waweza kuiharibu chipu ya aina ya CMOS bila kuacha alama. Vumbi tunaliona, nasi hulifuta. Umemetuli hatuuoni. Mkulima anayefika viwanja vya Nanenane hapa Nzuguni kila Agosti anajua kwamba mbegu haihukumiwi kwa rangi yake. Huotesha chache kwanza.

Kipimio chenyewe si cha kutisha. Chaja ya simu yenye tundu la USB hutoa volti 5, nazo ndizo zinazohitajiwa na mfululizo wa 7400, ulioanzishwa na kampuni ya Texas Instruments ya Marekani katika miaka ya 1960. Katika soketi, mguu wa 14 huunganishwa na chanya na wa 7 na hasi. Kila ingizo huunganishwa na chanya kupitia rezista ya kiloomu 10, na pia na hasi kupitia swichi: swichi ikiwa wazi ingizo ni 1, ikifungwa ni 0. Kila tokeo huongoza transista ndogo, kama BC547, kupitia rezista ya kiloomu 10, nayo transista huwasha taa ya LED iliyolindwa kwa rezista ya omu 330. Miguu 1 na 2 huingiza na 3 hutoa. 4 na 5 zina tokeo 6. 9 na 10 zina 8. 12 na 13 zina 11. Mpango huo ni mmoja kwa 7400, 7408, 7432 na 7486. Lakini 7402 isichomekwe humo kamwe, kwa kuwa tokeo lake la kwanza liko kwenye mguu wa 1, na swichi ikifungwa chipu nzima yaweza kuungua.

Swichi ni nane. Wako watakaotaka kubana matumizi kwa swichi mbili zinazolisha malango yote manne pamoja. Sikubaliani nao: ingizo la lango moja likigusana na la lango jingine, swichi hizo mbili zaweza kuificha hitilafu hiyo kabisa.

Wengine husema programu ya kompyuta yatosha. Naam, yafaa sana kwa kuifahamu mantiki. Lakini humo hamna chipu iliyoungua, na mwanafunzi hapati sababu ya kuuliza kama kifaa alichopewa ni kizima.

Swali gumu zaidi ni hili: nani atakipima kipimio? Kujaribu chipu nzima peke yake hakutoshi, kwa maana chombo kinachosifu kila kitu nacho kitaisifu. Hapana budi chipu moja iliyothibitika kuwa mbovu itunzwe, ipakwe rangi nyekundu mgongoni, na ichomekwe mwanzoni mwa kila kipindi. Siku kipimio kitakapoikubali, kazi ya siku hiyo iwe kukitengeneza kipimio.