Tumeelimika, Sasa Fungeni Bomba

Agosti 15, 2025, wajumbe wa mataifa zaidi ya 180 waliondoka Geneva mikono mitupu. Mazungumzo ya mkataba wa plastiki, yaliyotokana na azimio la Nairobi la Machi 2022 ambalo Rwanda na Peru zililipigania, yalikwama tena. Nchi za mafuta ziligoma kuwekewa ukomo wa uzalishaji. Shida, zikashikilia, ni namna taka zinavyoshughulikiwa. Kwa lugha ya mtaani: raia waelimishwe, wazoe vizuri. Hiyo ni danganya toto, na sisi wa Kigali tuna sababu ya kusema hivyo.

Elimu tumeshiba. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunashika majembe na mafagio kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi. Hata hivyo malori ya taka hayaachi kupanda kwenye jalala la Nduba.

Fungua gunia la taka Kimisagara, mtaa wa wenye kipato kidogo: maganda ya ndizi na viazi, majani ya maharage, majivu. Ni zito kwa sababu ya ubichi. Nenda Nyarutarama, mtaa wa matajiri, kwenye geti la nyumba ya ghorofa: maboksi, chupa za maji, makopo, vifungashio vya kila kilichonunuliwa wiki hiyo. Huenda mwenye ghorofa ndiye aliyesoma zaidi habari za mazingira. Magunia hayo yametofautiana kwa kipato. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2016 nchi tajiri, zenye asilimia 16 ya watu duniani, zilizalisha asilimia 34 ya taka. Je, huko hakuna shule?

Ni kweli, anayeelewa hutenganisha taka, na mwenye fedha hujenga mitambo ya kuzichakata. Sawa.

Lakini mfuko wa plastiki ulitutoka vipi? Sheria ya 2008 ilikataza kuutengeneza, kuuingiza, kuuza na kuutumia; ya 2019 ikagusa plastiki nyingine za kutumia mara moja. Mama anayenunua nyanya soko la Kimironko hakuuacha kwa kuhubiriwa. Aliuacha kwa sababu muuzaji hakuwa nao tena, akaja na kikapu. Ujuzi wake wa mazingira ulikuwa uleule wa jana. Abiria anayetua uwanja wa ndege wa Kanombe na mfuko haulizwi ameelimika kiasi gani, anauacha pale.

Na Rwanda inatajirika, tunamshukuru Mungu. Kila mwaka familia kadhaa zinahama kutoka gunia la Kimisagara kwenda la Nyarutarama, na hakuna mwenye haki ya kuziambia zibaki maskini ili mji uwe safi. Basi ni nani wa kubanwa, kama si anayetengeneza? Mnatumwagia maji sebuleni, bomba mmelishika nyie, halafu mnatugawia semina ya kupiga deki!

Mwanamke anayefagia barabara zetu alfajiri ameelimika vya kutosha. Mazungumzo yakirejea, aulizwe mwenye kiwanda.