MAARIFA YA GARI: TABO NDOGO AU TABO KUBWA?

Barabara itokayo Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, kwenda Muyinga hadi Gitega ni ya vilima. Mji wa Muyinga uko kwenye mwinuko unaozidi mita 1,700. Huko juu shinikizo la hewa hupungua kwa takriban sehemu moja ya tano likilinganishwa na la Dar es Salaam. Kwa hiyo gari lililokuwa jepesi pwani huanza kulemewa linapopanda.

Dawa ya udhaifu huo ni tabo, chombo ambacho Mswisi Alfred Büchi alikipatia hataza mwaka 1905. Moshi wa ekzosi huzungusha gurudumu moja, nalo huzungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda.

Ubishi wa mafundi huwa juu ya ukubwa. Tabo ndogo ina gurudumu jepesi. Moshi kidogo huitosha, na nguvu huja mapema. Kasoro yake ni kwamba injini ikikimbizwa sana, tabo hiyo hubana moshi usitoke na hewa huzidi joto. Tabo kubwa huzaa nguvu nyingi, ila huchelewa kuamka: dereva hukanyaga mafuta, hungoja, kisha nguvu humjia kwa ghafula. Katika mashindano jambo hilo huvumilika. Kwenye kona iliyolowa mvua, watoto wakiwa kiti cha nyuma, ni hatari.

Kwa gari la matumizi ya kila siku, basi, tabo ndogo ndiyo ifaayo. Kampuni ya Saab ya Uswidi ilifuata njia hiyo katika gari lake la 99 Turbo la mwaka 1978.

Tahadhari moja yawahusu wenye Land Cruiser za dizeli. Injini ya 1HZ, ijulikanayo sana kwa askari, ilitoka kiwandani bila tabo, na mgandamizo wake ni mkubwa kuliko wa 1HD-T iliyoundwa kwa ajili ya tabo. Anayeifunga tabo hana budi kuweka shinikizo la chini. Akizidisha, pistoni huyeyuka na akiba ya nyumba huteketea pamoja nazo.

Baada ya hapo, oili ibadilishwe kwa wakati, na baada ya kupanda mlima injini iachwe ingurume polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.