Nani Anakagua Gari la Polisi? Swali Kutoka Barabara ya Mtera

Makamanda, leo naanza na jambo ambalo baadhi yenu halitawafurahisha. Kila gari la polisi likizimika njiani na askari wakashuka kulisukuma, lazima apatikane mmoja wetu wa kurekodi, na kabla ya jioni klipu imeshazunguka magrupu yote na vicheko chini yake. "Leo wamekwama." "Mafuta ya kutufukuzia yameisha." Kicheko kinatoka wapi naelewa. Mtu aliyeshaonja kirungu, au aliyeshalala mahabusu kwa sababu ya fulana tu, hawezi kulionea huruma difenda.

Lakini hebu tujiulize, gari lile bovu linamuumiza nani? Mkubwa aliyetoa amri ya kututawanya hapandi nyuma ya pikapu. Anayepanda ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa mkulima wa uwele wa Fufu au Chipogoro, aliyeomba ajira huku na huku akaipata polisi. Na anayelisubiri gari lile usiku, akivuja damu kando ya lami, ni mimi na wewe.

Chukua Mtera. Barabara ya Dodoma kwenda Iringa, kama kilomita 260, ilikuwa vumbi na makorongo kwa miaka mingi. Mwaka 2018 Rais Magufuli akaizindua ikiwa lami. Ukitoka Dodoma unapita Mlowa Barabarani, unashuka mteremko wa Fufu, Chipogoro, halafu unafika bwawani kwenye daraja linalogawa Dodoma na Iringa. Malori usiku kucha. Mabasi. Bodaboda wenye matenga ya perege. Jioni ng'ombe wanavuka kurudi mabomani bila kujali nani ana king'ora na nani hana. Lami imekuja, mwendo umepanda, na watu wanaumia. Hospitali kubwa ya rufaa iko Dodoma mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka darajani. Ajali ikitokea katikati ya pori lile saa saba usiku, mara nyingi gari la kwanza la serikali kufika ni la polisi, na ambulensi inakuja baadaye kama itakuja.

Sasa gari lile linapofika linakuwa limebeba nini?

Wote tunayajua magari haya, yapo nchi nzima. Nyuma kuna mabenchi mawili marefu yamefungwa mgongo kwa mgongo. Askari wanakaa wakitazama nje, miguu inaning'inia, bunduki katikati ya magoti, mkono mmoja kwenye bomba. Mkanda hakuna. Na dereva anakimbia, kwa sababu sheria inamruhusu kuvuka mwendo akiwa kwenye dharura, jambo ambalo hatulipingi. Ila kibali cha sheria hakibadilishi uzito wa gari. Gari likiwa kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Dereva akimuona ng'ombe kwenye mwanga wa taa, mpaka mguu uguse breki mita 28 zimeshaisha, na gari halijaanza hata kupunguza. Ongeza watu wanane au kumi waliokaa juu, pikapu inakuwa nzito kichwani, ikikata kona ghafla inalala. Aliyefungwa mkanda mbele anaweza kutoka na michubuko. Wa nyuma wanarushwa kama magunia.

Na mtuhumiwa je? Analazwa chini katikati ya mabuti, mikono imefungwa pingu nyuma. Gari likipinduka hana hata mkono wa kujikinga uso. Mtu ambaye hajahukumiwa na mahakama yoyote! Wangapi kati yetu tumeshasafirishwa hivyo?

Hapa ndipo ninapotaka tusimame, maana kuna kichekesho ambacho hakichekeshi. Dereva wa Hiace akisimamishwa na trafiki anaulizwa mtungi wa kuzimia moto uko wapi, pembetatu ziko wapi, tairi hii mbona kipara, wiper inafanya kazi? Kosa moja 30,000. Makosa mawili, piga hesabu mwenyewe. Ikifika Wiki ya Nenda kwa Usalama magari yanapangwa foleni kukaguliwa na kubandikwa stika. Sawa, sipingi, tairi kipara linaua. Lakini mkaguzi ni polisi. Mpigaji tochi ni polisi. Mwandika faini ni polisi. Gari la polisi lenyewe linakaguliwa na nani? Utasikia "lina mafundi wake". Mafundi ni haohao polisi, bosi wao ni huyohuyo anayehitaji gari litoke getini asubuhi. Fundi wa cheo cha konstebo atamwambia nani kwamba hili gari leo halitoki?

Jaribu kitu kimoja kidogo. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 1214 ujue ni wiki ya 12 ya mwaka 2014. Tairi linazeeka hata kama kashata bado zipo, hasa kwenye jua kama la kwetu. Siku gari la polisi limeegeshwa sehemu ya wazi, pita kwa heshima zako, soma namba. Usimguse mtu, usibishane na mtu, soma tu upite.

Watu wakisikia "kuvifaa vyombo vya dola" wanawaza mabomu ya machozi na gari la maji ya kuwasha. Huko fedha hazijawahi kukosekana. Mimi nawaza boksi la huduma ya kwanza lenye vitu ndani, bandeji za kutosha na mkanda wa kukaza damu, kwa sababu mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa mguu anaweza kufa ndani ya dakika chache, na Dodoma mjini iko mbali. Nawaza machela, ili majeruhi wa uti wa mgongo asibebwe miguu na mikono kama mbuzi wa mnadani. Nawaza pembetatu na jaketi za kung'aa kwa askari wanaopima ajali gizani huku malori yanapita. Redio koli inayoshika mpaka bondeni, maana askari akitegemea simu yake na vocha yake, mtandao ukipotea naye amepotea. Tochi. Kitabu cha PF3 ndani ya gari, ili ndugu wa majeruhi wasianze kuzunguka kutafuta kituo usiku. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni anasa, na ukivijumlisha vyote havifikii bei ya gari la maji ya kuwasha.

Na askari wenyewe wanalipa. Tarehe 13 Aprili 2017, kule Kibiti mkoa wa Pwani, askari 8 waliuawa kwa risasi wakiwa kwenye gari lao, wakitoka kubadilishana lindo. Wanane kwa mara moja. Taifa liliomboleza, hotuba zikatolewa, bendera zikafunika majeneza. Miaka imepita, na mimi bado naona pikapu zilezile za wazi, mabenchi yaleyale, watu walewale migongo wazi. Kama chama tawala kinawapenda askari kama kinavyodai majukwaani, mbona kinawapandisha kwenye gari ambalo halimkingi mtu hata na tawi la mti?

Fedha. Ndiyo, twende kwenye fedha.

Enzi za awamu ya nne serikali iliingia mkataba na kampuni ya Ashok Leyland ya India wa magari 777 kwa ajili ya polisi, kwa mkopo ambao mimi na wewe tunaulipa. Miaka baadaye maswali yalikuwa bado yanaulizwa bungeni: yamefika mangapi, yako wapi, mbona hili limeshakufa? Januari 2020, wizara hiyohiyo ya Mambo ya Ndani, waziri Kangi Lugola aliondolewa pamoja na Kamishna Jenerali wa Zimamoto kwa sababu ya mkataba wa vifaa vya zimamoto wa zaidi ya euro milioni 400 ambao Bunge halikuupitisha. Milioni 400 za euro! Halafu mama aliyeibiwa mbuzi kumi Mtera akienda kuripoti anaulizwa, "Una usafiri, mama?" Akisema hana, anaulizwa kama ana hela ya mafuta. Hilo silihitaji ripoti ya mtu yeyote kulithibitisha, uliza nyumba yoyote nchi hii.

Mafuta yapo lakini. Agosti 2024 yalikuwepo. Vijana wetu walikuwa wanakwenda Mbeya kwenye Siku ya Vijana Duniani, tarehe 12. Ghafla barabara za nyanda za juu zilijaa magari ya polisi, mabasi yakazuiwa, na kwa hesabu iliyotangazwa na polisi wenyewe zaidi ya watu 500 wakakamatwa, viongozi wa kitaifa wakiwemo. Siku ile hakuna aliyesikika akisema gari halina tairi. Hakuna kijana aliyeambiwa achangie dizeli ya kumpeleka mahabusu. Kwa hiyo shida ya gari la Mtera siyo umaskini wa nchi. Kuna mtu anakaa ofisini anapanga gari liende wapi, na anajua anachokipanga.

Jambo la mwisho kwenye vifaa, na kwangu ndilo zito kuliko yote: namba. Kibao cha namba, maandishi ubavuni, namba kubwa juu ya bodi inayosomeka kutoka mbali, kifaa cha kuonyesha gari lilikuwa wapi saa ngapi, na logibuku iliyojazwa bila kuruka siku. Hivi navyo ni vifaa vya usalama sawasawa na breki. Septemba 2024 mzee wetu Ali Kibao alishushwa kwenye basi Tegeta na watu wenye silaha, mbele ya abiria, akafungwa pingu. Mwili wake ukapatikana Ununio. Waliomchukua ni nani? Kama kila gari la polisi lingekuwa na namba yake, sare yake na kumbukumbu ya safari zake, abiria wa basi lile wangejua palepale kama wanaona ukamataji au utekaji. Dereva wa basi angejua kama anatakiwa asimame au akanyage mafuta. Polisi safi, na wapo, wangekuwa wa kwanza kulidai hili, kwa sababu gari lisilo na namba linamchafua kila aliyevaa sare.

Msidhani magari mapya peke yake yanatibu. Majirani zetu Kenya walianza mwaka 2013 kukodi magari ya polisi kutoka kampuni binafsi, ili matengenezo yawe mzigo wa mwenye gari. Wazo zuri tu. Lakini mwaka 2024, wakati wa maandamano ya Gen Z, vijana wa Nairobi walikuwa wakisimulia kuchukuliwa na watu kwenye magari yasiyotambulika. Tofauti ni kwamba wenzetu wana IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, yenye nguvu ya kuingia kituoni na kuuliza. Ina mapungufu, Wakenya wenyewe wanailalamikia kila siku, lakini ina mlango wa kugonga. Sisi tunagonga wapi?

Najua kuna kamanda atakayesema, "Mkuu, unataka tuwaongezee vifaa watu wanaotupiga?" Nataka gari ambalo mtu akilipanda, mwenye sare au mwenye pingu, afike mzima. Nataka lenye vifaa vya kuokoa na lenye namba ya kusomeka. Na nataka likaguliwe na mtu ambaye siyo polisi, angalau mara moja kwa mwaka, matokeo yabandikwe ukutani kituoni kama matokeo ya uchaguzi wa kijiji. CAG aingie kwenye yadi za magari, siyo kwenye makaratasi peke yake. Kamati ya Bunge ya Ulinzi na Usalama iko Dodoma, safari ya saa mbili tu mpaka Mtera. Waje waone wenyewe. Jimbo hili lilishatoa Waziri Mkuu, mzee Malecela, siyo kwamba njia hawaijui.

Wakati tunasubiri, ipo kazi ya kufanya wiki hii. Mikutano ya kijiji ipo, na polisi kata huwa anakuja kuongelea ulinzi shirikishi. Nyoosha mkono, msalimie vizuri, mwite afande, uulize: gari linalohudumia kata yetu linapewa lita ngapi kwa wiki? Ndani yake kuna boksi la huduma ya kwanza, na nani kati ya askari amefundishwa kulitumia? Mara ya mwisho breki zake zilikaguliwa lini, na nani alisaini? Usimfokee. Inawezekana hata yeye hajui, na inawezekana ndiye anayekaa benchi la nyuma. Muombe mtendaji maswali yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, neno kwa neno, pamoja na majibu. Ukipata nakala, piga picha ututumie. Za Chipogoro, Mlowa na Migori tuziweke hapa ukurasa mmoja.