Radio ya kifua ikiwa safi, shindano liendelee

Juma hili tuongee juu ya radio ya kifua kwa mtoto mwenye homa ya rumatisme. Wengi wetu tukisikia "radio ni nzuri", tunakunja picha, tunaiweka chini ya godoro, na shindano la penisilini tunaliacha. Hapo ndipo hatari inapoingia.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mtoto anaumwa koo, anapona. Wiki 2 au 3 baadaye homa inakuja, goti linavimba, kesho ni kifundo cha mguu, kesho kutwa kiwiko. Wengine mikono inachezacheza bila wao kutaka na mwandiko unaharibika. Mwalimu asiyejua atadhani ni ujeuri. Maungo hupona. Moyo ndio hubaki na kidonda.

Katika picha, mapafu yenye hewa ni meusi, moyo ni mweupe. Muganga anapima upana wa moyo na upana wa kifua. Kwa mtoto wa masomo aliyesimama na kuvuta pumzi vizuri, moyo kwa kawaida haupiti nusu ya kifua. (Hesabu hiyo wanafunzi wetu wanaiweza kwa rula.) Ukipita, pengine moyo umepanuka, au maji yamejaa katika mfuko unaouzunguka. Mapafu nayo yakiwa na weupe, huenda moyo umeshindwa kusukuma damu na maji yameingia mapafuni.

Lakini vile vilango vidogo vya ndani ya moyo, ambavyo rumatisme huviharibu, radio haivionyeshi. Kilango kinaweza kuvuja na picha ikawa ya kawaida kabisa. Ni ekografia ya moyo inayoonyesha. Tunajua ni ghali, na si kila hopitali inayo; basi shindano lisiingoje. Linatolewa kila wiki 3 au 4, kwa miaka 5 angalau, na moyo ukiguswa miaka 10 au zaidi, ili koo lile lisirudi. Kila rumatisme inaporudi, vilango huzidi kuharibika. Anayeamua siku ya kuacha ni muganga, si picha.

Picha za zamani tuzibebe zote, bila kuzikunja, ili muganga azilinganishe. Na mtoto akianza kuhema, akishindwa kulala chali au miguu ikivimba, apelekwe hopitali siku hiyohiyo, hata kama radio ya mwezi uliopita ilikuwa safi.