Mtoto Hana Kesi ya Kujibu

Mwaka 2016, Mahakama Kuu ya Malindi ilimwachilia mwanamume aliyekuwa amefungwa miaka 20 kwa kumnajisi msichana wa miaka 13. Sababu? Jaji alisema msichana alienda kwake mwenyewe, tena akajibeba kama mtu mzima. Kwani mtoto akijibeba kama mkubwa, miaka inaongezeka?

Sheria sijasomea. Chuo chenyewe niliacha kabla ya kumaliza. Lakini Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haihitaji digrii kuielewa. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Ukimnajisi wa miaka 12 hadi 15, kifungo kinaanzia miaka 20. Neno "alikubali" halimo katika maelezo ya kosa hilo.

Mlango aliopewa mshtakiwa ni kifungu cha 8(5): ithibitishwe kwamba mtoto alimdanganya kuwa ametimiza 18, na kwamba yeye alikuwa na sababu ya maana ya kuamini. Halafu 8(6) inataka korti itazame hatua alizochukua kujua umri huo. Yaani anayehojiwa hapo ni mtu mzima. Lakini swali linageuzwa: alienda kufanya nini kule? Mbona hakupiga nduru? Mbona alirudi tena? Mtoto anaingia kortini kama shahidi, anatoka kama mshtakiwa.

Hoja ya upande wa pili naijua, na si ya kijinga. Mwaka 2019, majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema wakati umefika wa kujadili kushusha umri hadi 16, maana jela zimejaa vijana waliofungwa kwa kulala na wasichana wa rika dogo. Ni kweli, kijana wa 18 na mpenzi wake wa 17 si sawa na baba mzima na mtoto wa darasa la saba. Basi Bunge liwatungie vijana hao kifungu chao. Ila huruma yetu kwao isimfungulie sponsa mlango.

Mwaka 2024, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria hii ni halali. Sawa. Lakini miaka 20 kwenye karatasi haina maana ikiwa kesi inaanza kwa kupima tabia ya mtoto.

Mheshimiwa, kabla hujamuuliza msichana alikuwa akitafuta nini kule, muulize mwanamume: uliuliza ana miaka mingapi? Mwenye kesi ya kujibu ni yeye.