BARUA YA MAKKA IMO MIFUKONI MWETU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, bila ya shaka umepata kuletewa katika simu yako wasia wa Sheikh Ahmad. Kama hukuletewa wewe, basi ameletewa mkeo, au mwanao, au jirani yako. Wasia huo husema kwamba mtu mmoja aitwaye Sheikh Ahmad, mtumishi wa Msikiti wa Mtume (s.a.w.) huko Madina, amemwona Mtume usingizini, naye Mtume akamlalamikia maasi ya umma wake na kumjulisha kwamba Kiyama kimekaribia. Kisha hufuata maneno ambayo ndiyo roho ya jambo lenyewe: atakayeunakili wasia huu na kuupeleka mji hadi mji atapata kheri kadha wa kadha, na atakayeupuuza atafikwa na balaa. Siku hizi wameongeza: "Watumie watu kumi." Na wengine hutaja fulani aliyeutuma akatajirika, na fulani aliyeufuta akafiwa na mwanawe.

Wasia huu si mpya. Ni mkongwe kuliko babu yako. Mholanzi mmoja mwenye kuchunguza mambo ya Waislamu, Snouck Hurgronje, aliandika khabari zake mwaka 1884, akieleza ulivyokuwa ukizunguka kwa Waislamu wa Java. Na mwaka 1908 ukafika hapa hapa petu, Lindi.

LINDI, MWAKA 1908

Ifahamu hali ya pwani yetu wakati ule. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, na havikutulia mpaka mwaka 1907. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Hakukuwa na nyumba isiyokuwa na msiba. Mioyo ilikuwa imevunjika, na mtu aliyevunjika moyo hutafuta neno la kumwambia kwa nini yamempata yaliyompata na nini kitafuata.

Katika hali hiyo ikaja karatasi inayosema kwamba Mtume mwenyewe amenena, na kwamba mwisho uko karibu. Ikasomwa, ikanakiliwa, ikapelekwa mji kwa mji. Hofu na hamasa vikaenea. Wajerumani, ambao moshi wa Maji Maji ulikuwa bado machoni mwao, wakadhani ni vita vingine. Wakaiita "Barua ya Makka", wakaanza kuwasaka walioileta na walioinakili. Watu wakatiwa mashakani kwa ajili ya ndoto ya mtu ambaye hakuna aliyemwona, wala aliyejua nasaba yake, wala aliyekutana na aliyekutana naye.

Wala usidhani kwamba maulamaa walinyamaza. Wanavyuoni wa nchi mbalimbali wameupinga wasia huu mara nyingi. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia, alitunga risala nzima ya kuubatilisha, na yeye ndiye aliyekaa katika nchi ile ile anayodaiwa kuishi huyo Sheikh Ahmad. Pamoja na hayo wasia haufi. Ulikuja kwa jahazi, ukaja kwa posta, ukaja kwa karatasi za kupigwa mashine, na leo unakuja kwa intaneti. Na kila unapokuja, sisi tunaupokea kana kwamba umeandikwa jana!

TOFAUTI YETU NA WAZEE WETU

Atasema msemaji: "Kumbe basi kosa si la simu. Wazee wetu hawakuwa na simu, nao walikosea." Naam, amesema kweli. Uongo haukuzaliwa na intaneti. Lakini tazama vizuri tofauti iliyopo.

Mzee wa Lindi mwaka 1908 aliyetaka kuueneza wasia ule alihitaji karatasi, wino, kalamu na taa. Alikaa kitako akaandika herufi kwa herufi, kwa hati zetu za Kiarabu, na pengine usiku mzima ulimpitia kwa nakala mbili au tatu. Katika kazi hiyo akili ilikuwa na nafasi ya kuuliza: Je, haya ni kweli? Mwalimu wangu atasemaje? Na alipomaliza, hati yake ilikuwa shahidi juu yake, kwani katika mji mdogo hati ya mtu hujulikana kama sura yake. Aliyenakili aliwajibika kwa alichokinakili.

Wewe leo unautuma kwa kidole kimoja, huku umesimama sokoni ukingojea samaki, kwa watu mia mbili, kabla hujaufikisha mwisho. Hukuandika hata herufi moja. Na ukiulizwa, unajibu: "Nami nimetumiwa tu." Hili ndilo jambo ambalo intaneti imeligeuza. Imeiondoa taabu ya kalamu, na pamoja na taabu hiyo imeondoa muda wa kufikiri na haya ya kuweka jina.

Hata wenye mtambo wenyewe wamelitambua hilo. Kampuni ya WhatsApp ilianza kupunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyapelekea ujumbe mmoja kwa mara moja. Mwaka 2019 ikaweka kikomo cha matano dunia nzima, na mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ikaweka kwamba ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi usipelekwe ila kwa mazungumzo mamoja kwa wakati. Je, si aibu, enyi Waislamu, kwamba wafanyabiashara wa Marekani watufundishe kuzuia vidole, nasi tunayo Sura ya Hujurat, ambayo aya yake ya sita inatuamrisha tuihakiki khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga? Na tunayo hadithi katika Sahihi Muslim inayotufahamisha kwamba yatosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo. Haikusema kwa kuzua. Imesema kwa kusimulia tu.

"LAKINI LINAAMRISHA KHERI"

Hoja ninayoisikia zaidi ni hii: "Ewe Sheikh, hata kama si kweli, wasia unawaambia watu watubu na wasali. Una ubaya gani?"

Ubaya wake ni mwingi. Kwanza, kumsingizia Mtume (s.a.w.) jambo asilolisema si sawa na kumsingizia mtu mwingine. Hadithi inayomwahidi mwenye kufanya hivyo makao ya Motoni imepokewa kwa njia nyingi mno, wala haikumtoa katika adhabu hiyo mwenye nia njema. Pili, dini imekamilika, na lililokamilika halihitaji ndoto ya mtu kulitimiza. Tatu, toba iliyojengwa juu ya tarehe hubomoka tarehe ikipita. Mtu huambiwa mwaka fulani jua litasimama. Mwaka unapita na jua halikusimama. Basi asiposali tena, na akaanza kuzitilia shaka hata aya za kweli za Kiyama, dhambi hiyo ni ya nani? Aliyetuma ana fungu lake.

KUSOMA KULIKUWA KWA MWALIMU

Ndugu msomaji, wasia wa Sheikh Ahmad ni mfano tu. Ugonjwa wenyewe ni mpana zaidi, nao ni kwamba tumeanza kusoma bila ya mwalimu, bila ya mwanzo wala mwisho, na bila ya kujua aliyeandika.

Chuoni kwetu mwanafunzi hakuachiwa kitabu akakisome peke yake. Alikaa mbele ya mwalimu na Safina yake, akasoma mstari, mwalimu akamsahihisha, akamfasiria, naye akaandika fasiri chini ya mstari au pembeni. Akimaliza, alijua kitabu kimetungwa na Sheikh Salim bin Sumeyr wa Hadhramaut, na mwalimu wake amekisoma kwa nani. Kwa hivyo ilimu ilikuwa na nasaba. Abdullah bin al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 wa Hijra, aliuhesabu mlolongo wa wapokezi kuwa ni katika dini yenyewe, na akasema kwamba bila ya huo kila mtu angesema atakalo. Basi tazama intaneti: si ndipo mahali ambapo kila mtu anasema atakalo?

Madhara yake tunayaona majumbani. Mume anamtamkia mkewe talaka kwa hasira, asubuhi anajuta. Badala ya kwenda kwa kadhi au kwa mwalimu anayemjua yeye, mkewe na maneno aliyoyatamka, anaingia katika YouTube kutafuta sheikh atakayemjibu anavyopenda. Anasikiliza kipande cha dakika moja kilichokatwa katika darasa la saa nzima, na sharti za mas-ala zimebaki katika ile sehemu iliyokatwa. Kisha anaendelea kukaa na mke, au anamfukuza, na yote mawili ameyajenga juu ya kipande. Hapo nusu ya fatwa imechezea nasaba za watoto, na mke wake hana hata mtu wa kumlalamikia, kwani aliyetoa jawabu yuko Misri au Uingereza na hajui kama yeye yupo duniani.

NA KUANDIKA KULIKUWA NI AMANA

Watu wa pwani hii si wageni wa kalamu. Ziko barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa Kiswahili na hati ya Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, India, nazo ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili yanayojulikana. Tarehe ya masultani wa Kilwa tunayo kwa sababu kuna mtu aliinakili Unguja mwaka 1877, na nakala hiyo iko London. Lindi ilimtoa Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeutunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji, na wasomaji wengi wa leo wameupata katika chapa ya Whiteley ya mwaka 1957.

Na desturi ya watunzi wetu wa tenzi unaijua: katika beti za mwisho mtunzi hutaja jina lake, na mji wake, na pengine tarehe aliyomaliza. Hakufanya hivyo kwa majivuno, bali ili anayekosoa ajue wa kumkosoa, na anayeomba dua ajue wa kumwombea. Leo shairi linaanza safari asubuhi likiwa na jina la mtunzi, na kufika magharibi jina limekwisha kukatwa, na beti mbili zimeongezwa, na mtu mwingine amelitia jina lake. Huu ni wizi, hata kama hakuna kufuli lililovunjwa. Na vijana wetu, ambao babu zao waliandika hati mbili, leo wanaandika "xaxa" kwa "sasa" na "cjui" kwa "sijui". Neno linakatwa mkia kana kwamba wino ni ghali, na wino wa simu ni bure!

SISEMI MZITUPE SIMU

Asije mtu akanizulia kwamba Sheikh ameharamisha intaneti. Sikuharamisha. Tangu waya wa baharini ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, kijana wa Kilwa Masoko anaweza kuusikiliza msahafu wote kwa msomaji amtakaye, na kuzisoma kurasa za vitabu ambavyo baba yake hakuweza kuvinunua. Hiyo ni neema, na neema hushukuriwa kwa kutumiwa vizuri.

Lakini msiifanye kuwa ndiyo sanduku pekee la ilimu. Oktoba 2023 wezi wa mtandao waliivamia Maktaba ya Uingereza huko London, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikakatika kwa miezi. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, na nchi yetu ikabaki na intaneti ya kusuasua. Oktoba 2025, siku za uchaguzi, ikazimwa nchi nzima. Siku hizo aliyekuwa na kitabu rafuni alisoma, na asiyekuwa nacho alikaa akikitazama kioo.

Basi fanyeni haya, enyi wazazi. Usitume khabari ya dini usiyojua kitabu chake na mwanachuoni aliyeisema. Ukiletewa wasia wa Sheikh Ahmad, usiufute kimya kimya tu; mjibu aliyekuletea, kwa upole, kwamba ni uongo wa zaidi ya miaka mia, na umweleze yaliyotokea Lindi. Mambo ya ndoa, talaka na mirathi yapeleke kwa mtu atakayekuuliza maswali kabla ya kukujibu. Mpe mwanao kitabu kimoja akisome mpaka mwisho, mbele yako au mbele ya mwalimu. Shairi la mtu lipeleke na jina lake. Na ukiwa na sanduku la marehemu babu lenye karatasi za hati ya Kiarabu, usiliache kwa mchwa. Mwite anayejua kusoma hati hizo angali hai, kwani hao wanapungua kila mwaka.

Kila herufi unayoituma huandikwa mara mbili, mara moja katika simu na mara moja katika daftari lisilofutika. Ile ya kwanza unaweza kuifuta. Mwenyezi Mungu atuongoze sote, na atulinde na shari ya ndimi zetu na ya vidole vyetu. Amin.